Ridhaa kwanza, kujitoa baadaye, jinai au kichujio? Njia nne za kudhibiti barua pepe za biashara zisizoombwa

Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Newala anafungua barua pepe kutafuta taarifa ya mnada. Anakuta matangazo ya mashine za kubangulia korosho kutoka kampuni asizozijua, ofa ya viuatilifu, semina ya siku tatu Dar es Salaam yenye "punguzo kwa watakaowahi", na chini kabisa, taarifa aliyokuwa akiitafuta. Wiki inayofuata bodi inamwagiza katibu huyohuyo awaandikie wanunuzi 300 wa nje ambao hawajawahi kulisikia jina la chama chake. Juzi alikuwa mlalamikaji, leo ndiye anayelalamikiwa.

Ndiyo maana uchaguzi huu ni mgumu. Sheria ikilegea, sanduku linafurika. Ikikazwa bila kuangalia maneno yake, mfanyabiashara mchanga anashindwa kutafuta soko, na kikundi cha wavuvi Kilwa Kivinje kinaogopa kuwaandikia madiwani kuhusu ushuru wa mwalo. Duniani zimejaribiwa njia nne kuu, na zote nne zipo Tanzania kwa wakati mmoja. Anayekerwa, anayetaka kutuma na anayeombwa maoni kuhusu marekebisho ya sheria, kila mmoja lazima ajue ashike ipi kwanza.

Vigezo vya kupimia

Kila njia tumeiuliza maswali manne. Inakamata nini hasa: tangazo la biashara, uongo, au ujumbe wowote usioombwa? Kazi na gharama inambebesha nani, mtumaji au mpokeaji? Inaugusaje uhuru wa raia? Kwa Tanzania hapo tunazungumzia ibara ya 18 ya Katiba, yaani haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na ibara ya 16, faragha ya mtu na mawasiliano yake. Swali la nne: mtumaji akiwa ng'ambo inamfikia, na ikimwonea mtu asiye na hatia, anakwenda kwa nani?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, ingawa watu wengi hukimbilia kuangalia ukubwa wa faini. Faini kubwa iliyofungwa kwenye maneno finyu haimtishi mtu mwema. Faini ndogo kwenye maneno mapana inamtisha kila mtu.

Ridhaa kwanza

Hapa mtumaji haruhusiwi kutuma tangazo mpaka mpokeaji akubali. Umoja wa Ulaya uliweka msingi huu katika mwongozo wake wa mwaka 2002 kuhusu faragha ya mawasiliano ya kielektroniki, Australia ikafuata kwa sheria ya 2003, na Kanada ikaja na sheria kali iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2014.

Tanzania nayo imo kundi hili, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kutuma tangazo la bidhaa au huduma lisiloombwa, isipokuwa mpokeaji awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe na kueleza lengo lake mwanzoni mwa ujumbe, na pawe na njia ya kukataa ujumbe mwingine. Kuna mlango mdogo: ridhaa huhesabiwa ipo kama anwani ilipatikana wakati wa mauzo au mazungumzo ya mauzo, tangazo linahusu bidhaa zinazofanana na zile, mteja alipewa nafasi ya kukataa na hakukataa, na nafasi hiyo inarudiwa katika kila ujumbe. Mgeni aliyelala kwenye loji yako Mikindani unaweza kumwandikia kuhusu vyumba vya msimu ujao. Huwezi kumwandikia kuhusu viwanja vya shemeji yako.

Mzigo wote uko kwa mtumaji, na ni mzigo wa kumbukumbu. Kwa kila anwani tunza vitu vinne: tarehe ya ridhaa, ilipatikanaje (fomu ya karatasi, tovuti, mazungumzo), maneno halisi aliyoyakubali mtu, na tarehe ya kujitoa kama amejitoa. Safu nne kwenye Excel zinatosha. Ukishindwa kuonyesha, huna ridhaa, hata kama mtu huyo kweli alikubali.

Makosa mengi huanzia kwenye kadi za biashara. Mtu anarudi kutoka Nanenane pale viwanja vya Ngongo na kadi 150, anaziingiza zote kwenye orodha ya matangazo na kuziita "wateja". Kadi ni ruhusa ya kuwasiliana kuhusu jambo mlilozungumza. Barua moja ya kukumbushia mazungumzo hayo, ikiuliza kama angependa kupata bei kila mwezi, ni halali na ya kistaarabu. Matangazo kila Jumatatu bila kuuliza ni spamu, yaani barua za wingi zisizoombwa. Kosa la pili ni kununua orodha ya anwani. Muuzaji husema wote "wameridhia", ila waliridhia kwa nani, na kwa lugha gani, haonyeshi.

Kanada inaweka hata muda: ridhaa inayotokana na manunuzi hudumu miaka miwili, ile ya mtu aliyeulizia tu hudumu miezi sita. Anayeuza ufuta au mbaazi kwa wanunuzi wa huko azingatie hilo, maana sheria yao inagusa hata barua iliyotumwa kutoka nje kama imefunguliwa kwenye kompyuta iliyoko Kanada. Adhabu inaweza kufika dola za Kanada milioni 10 kwa kampuni.

Kwa upande wa uhuru, ridhaa inaheshimu faragha kuliko njia nyingine, ila inawapendelea waliokwisha kuwa na wateja. Kampuni kubwa ina orodha ya watu 40,000 walionunua kwake. Kikundi cha akina mama wa Masasi wanaobangua korosho kinaanza na sifuri. Nchini Kanada kampuni iliyotozwa faini iliipinga sheria hiyo kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikaamua kuwa sheria ni halali. Lakini hata huko Bunge lilikuwa limepanga raia wa kawaida waanze kushtaki wenyewe Julai 2017, serikali ikasimamisha kipengele hicho mwezi mmoja kabla, kwa hofu ya mafuriko ya kesi dhidi ya wafanyabiashara na mashirika.

Inamfaa anayetaka wateja wanaorudi, na mpokeaji anayethamini utulivu. Haimfai anayeingia soko geni bila jina, labda awe tayari kuandika barua moja moja kwa mkono wake.

Kujitoa baadaye

Marekani ilikwenda upande wa pili. Sheria yake iitwayo CAN-SPAM ilisainiwa Desemba 2003 na kuanza tarehe 1 Januari 2004. Mtumaji yuko huru kutuma mara ya kwanza bila kuuliza, mradi atimize masharti: jina na anwani ya mtumaji viwe vya kweli, kichwa cha habari kisidanganye, ujumbe uonekane kuwa ni tangazo, uwe na anwani ya posta inayofanya kazi, na njia ya kujitoa iendelee kufanya kazi angalau siku 30 tangu kutuma. Mtu akijitoa, aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Kila barua inayovunja masharti inaweza kutozwa zaidi ya dola 50,000.

Kwa anayetafuta wanunuzi Marekani hii ni nafuu kubwa, na masharti yenyewe hayana gharama. Tatizo liko kwa mpokeaji. Kila kampuni ina haki ya kugonga mlango mara moja. Kampuni 1,000 zikigonga mara moja tu kila moja, hakuna hata moja iliyovunja sheria, na wewe una barua 1,000 za kufuta kwa bando lako mwenyewe.

Tena kujitoa kwenyewe kuna mtego. Ukibonyeza kiungo cha kujitoa kwenye barua ya kampuni unayoijua, mambo huisha. Ukibonyeza kwenye barua ya mtu usiyemjua, unamthibitishia kwamba anwani yako ina mtu nyuma yake, na bei ya anwani hai iko juu kuliko ya anwani mfu. Ya kampuni unayoijua jitoe, ya usiyemjua itie alama ya spamu bila kufungua picha zilizomo, kwa kuwa picha nayo humpa taarifa mtumaji inapopakuliwa.

Watetezi wa uhuru wa kujieleza huko Marekani wengi waliona njia hii inasumbua usemi kidogo kuliko nyingine, kwa sababu inashughulika na uongo na ukaidi, haimzuii mtu kusema. Ila ina kasoro mbili upande wa haki. Raia aliyesumbuliwa hawezi kushtaki mwenyewe. Wanaoweza ni mamlaka za serikali na watoa huduma za intaneti. Na sheria hiyo ya shirikisho ilizima sheria za majimbo zilizokuwa kali zaidi, ikiwemo ya California iliyodai ridhaa na ilikuwa ianze siku hiyohiyo ya Januari 2004. Anwani ya posta nayo ni rahisi kwa kampuni yenye S.L.P. Lindi, si kwa mtu anayeuza vikapu vya ukili kutoka nyumbani kwake na hataki wageni wajue anakoishi. Kwa huyo, kukodi sanduku la posta ni jibu.

Kuna wazo linalozaliwa upya kila miaka michache: orodha ya kitaifa ya watu wasiotaka matangazo. Lina mvuto hadi uulize nani atapewa orodha hiyo. Mwaka 2004 Tume ya Biashara ya Marekani ililiambia Bunge kwamba orodha kama hiyo ingeshindwa bila teknolojia ya kuthibitisha mtumaji, na ingeweza kugeuka hazina ya anwani hai mikononi mwa watuma spamu.

Jinai

Hapa ndipo uhuru unapoguswa kwa nguvu zaidi, na ndipo panapotaka kusomwa polepole.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inakataza kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa, na kughushi taarifa za chanzo cha ujumbe huo, kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu au mara tatu ya faida iliyopatikana, ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Tazama tafsiri ya "ujumbe usioombwa" katika kifungu hicho: ni ujumbe wowote wa kielektroniki ambao mpokeaji hakuuomba. Neno biashara halimo. Barua ya msomaji kwa mhariri, ya mzazi kwa mwalimu mkuu, ya kikundi cha wavuvi kwa madiwani, zote hazikuombwa. Kinachomlinda mwandishi ni yale maneno "kwa nia ya kutenda kosa". Yakiondolewa katika marekebisho yoyote, kifungu kitabaki wavu wa kokoro. Nasi wa pwani tunajua kokoro haichagui dagaa.

Jimbo la Virginia, Marekani, lilijifunza somo hili kwa gharama. Jeremy Jaynes, mmoja wa watuma spamu wakubwa wa wakati wake, alitiwa hatiani mwaka 2004 na kuhukumiwa miaka tisa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ikafuta hukumu hiyo na kuitangaza sheria yenyewe batili. Majaji hawakumhurumia Jaynes. Waliona sheria ilikataza kuficha chanzo cha barua nyingi zisizoombwa za aina yoyote, hivyo ikamfunga pia anayesambaza maoni ya kisiasa au ya dini bila kutaja jina lake. Neno moja tu, "za biashara", lingeiokoa. Kesi nyingine ni ya Intel na mfanyakazi wake wa zamani, Ken Hamidi, aliyewaandikia maelfu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo akiilaumu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya California ilikataa kuziita barua hizo uvamizi wa mali, kwa kuwa hazikuharibu wala kukwamisha mitambo. Kilichoiudhi Intel kilikuwa maneno yenyewe.

Watu wa Mtwara waliopitia mvutano wa bomba la gesi mwaka 2013 hawahitaji kuelezwa kwamba ujumbe usioombwa mara nyingine ni wa kisiasa, na kwamba anayeutuma anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutotaja jina.

Faida ya jinai ipo, na ni kubwa pale penye wizi. Mtu anayejifanya mnunuzi, au anayenakili barua ya msafirishaji wako na kubadili namba ya akaunti ya benki, hakutumii tangazo. Ni tapeli, na kichujio peke yake hakitamrudishia mtu fedha. Ukifikwa, usifute barua. Fungua vichwa kamili vya barua, yaani maelezo ya njia iliyopita (kwenye Gmail bonyeza nukta tatu, kisha chagua kuonyesha barua asili), nakili vyote, hifadhi, kisha nenda polisi na benki siku hiyohiyo. Mistari inayoanza na neno Received husomwa kutoka chini kwenda juu. Ya chini inaweza kughushiwa. Ya kuaminika ni ile iliyowekwa na seva yako mwenyewe. Kwa utapeli wa meseji za simu, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", namba ya tapeli hutumwa 15040.

Udhaifu wake ni mipaka. Askari wa Lindi hana mkono wa kumkamata mtumaji aliyeko bara jingine. Anayekamatika kirahisi ni aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi si yule aliyekusumbua.

Kichujio na orodha za kuzuia

Kichujio ni programu inayokagua barua na kuzitenga zinazoshukiwa. Njia hii haina bunge wala hakimu. Mwaka 1997 mtaalamu wa intaneti Paul Vixie alianzisha orodha ya anwani za seva (kompyuta zinazotuma na kupokea barua) zinazotuma spamu ili watoa huduma wazikatae; shirika la Spamhaus, lenye orodha kama hiyo, lilifuata 1998. Leo kazi kubwa inafanywa na vichujio vya kampuni kama Google na Microsoft. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani zake athibitishe domeini yake (jina linalofuata alama ya @) kwa SPF, DKIM na DMARC, njia tatu za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina hilo, aweke kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Sharti hilo limebadili tabia za watumaji haraka kuliko sheria nyingi.

Inakamata kilicho kingi na chenye sura mbaya, bila kujali nchi. Gharama yake huwaangukia wasio na hatia, kimyakimya. Mfano wa kawaida: kampuni ndogo ya Mtwara inayouza korosho ghafi kwa wanunuzi wa India na Vietnam inalipia barua pepe kwenye seva ya bei nafuu inayotumiwa na tovuti mamia. Mmoja wa majirani hao anadukuliwa, seva inatuma spamu usiku kucha, anwani ya seva inaingia kwenye orodha, na proforma yako (ankara ya awali) haifiki. Mnunuzi anadhani umelala.

Ukishuku, fuata mpangilio huu. Soma barua iliyorudishwa: namba inayoanza na 5 maana yake imekataliwa moja kwa moja, inayoanza na 4 ni ya muda na seva itajaribu tena. Mara nyingi jina la orodha iliyokuzuia limeandikwa humohumo. Kabla ya kuomba kuondolewa, tafuta chanzo: nywila iliyovuja, au fomu ya tovuti isiyo na ulinzi. Ukiondolewa bila kurekebisha chanzo utarudishwa, na mara ya pili hukawia zaidi. Kagua rekodi ya SPF: domeini moja iwe na rekodi moja tu, na isizidi utafutaji 10 wa DNS, daftari la majina ya intaneti. Mafundi wengi huongeza rekodi ya pili wanapobadili mtoa huduma, na hapo zote mbili hukosa nguvu.

Kuhusu haki, hapa hakuna ibara ya 18 ya kushika, kwa sababu anayekuzuia ni kampuni binafsi. Kampuni ya Marekani iitwayo e360 iliishtaki Spamhaus, na mwaka 2006 ikapewa dola milioni 11.7 kwa kuwa Spamhaus haikuendelea kujitetea. Baada ya rufaa, mwaka 2011 fidia ilishuka hadi dola tatu. Anayetegemea mahakama imtoe kwenye orodha aitazame hesabu hiyo kwanza.

Kwa hali yako

Mpokeaji anayekerwa na kampuni ya Tanzania: anza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Iandikie kampuni kwa maandishi kwamba unazuia taarifa zako kutumika kwa matangazo, tunza nakala, na ikikaidi lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni nyepesi kuliko polisi na haimpeleki mtu jela kwa tangazo la magodoro.

Anayekerwa na watumaji wa ng'ambo wasiojulikana: kichujio, basi. Ila pitia folda ya spamu angalau mara mbili kwa wiki kipindi cha minada.

Loji ya Kilwa Masoko yenye wageni wa Ulaya: ridhaa kwanza, kwa kisanduku kwenye fomu ya kupokelea wageni ambacho mgeni anakitia alama mwenyewe. Usikiweke tayari kimetiwa alama.

Chama au msafirishaji anayetafuta wanunuzi wapya: gawa orodha kwa nchi. Kwa sheria ya Marekani, masharti ya kujitoa yanatosha. Kwa Ulaya na Kanada, andika barua moja moja inayomhusu mpokeaji na biashara yake, baada ya kuangalia sheria ya nchi husika. Tuma 20 au 30 kwa siku, si 300 kwa mkupuo, maana domeini changa inayofumka ghafla ndiyo ya kwanza kushukiwa na vichujio.

Asasi ya kiraia au kikundi kinachoandikia viongozi: hamtangazi bidhaa, kwa hiyo sharti la ridhaa la sheria ya miamala haliwahusu. Hata hivyo wekeni njia ya kujitoa na jina la asasi, na msichanganye orodha hiyo na ya kuuza fulana za maadhimisho. Mkichanganya, barua zote zitaanza kufanana na tangazo.

Anayeombwa maoni kuhusu marekebisho ya kifungu cha 20: omba neno "biashara" liingizwe kwenye tafsiri ya ujumbe usioombwa, maneno ya nia yabaki, kughushi chanzo kubaki kosa pale tu kunapokuwa na lengo la kudanganya kwa faida, na upekuzi wa kompyuta uhitaji kibali cha mahakama.